Filamu ya Mwezi wa Sita

Mtaa mzima ulimwita Shangazi Vitisho, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Duka lake, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na kinyozi, liliazimisha filamu za kutisha tu, mwaka mzima. Ukutani alibandika karatasi ya miezi kumi na miwili. Januari, mizimu ya kubisha hodi na kukimbia, kwa wanaoanza. Miezi ya mvua, nyumba zilizojaa maji na vilivyojificha humo. Desemba, ndugu wanapokusanyika, filamu ambazo muuaji ni mtu wa ukoo. "Mkimaliza kula mtazamane vizuri," aliwaambia wateja, nao wakashika mbavu.

Ila hakumpa mtu filamu kabla ya kumuuliza, "Umefiwa karibuni?" Aliyejibu ndiyo alirudi kwake mikono mitupu. Shangazi alikuwa mjane. Hakuona mzaha hapo.

Mteja wake shupavu kuliko wote alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alirudisha diski huku akipiga miayo. "Hii nimeitazama huku nakula, Shangazi. Lete kali."

Mwaka mmoja alipotea miezi miwili. Akarudi mwezi wa sita, amekonda, shati halijaguswa na pasi.

"Umefiwa karibuni?"

"Nani afe? Nilikuwa safarini."

Akampa ya mwezi huo: mke aliyezikwa anarudi nyumbani kwake taratibu, kila siku hatua moja karibu na mlango. Wengi waliirudisha bila kuimaliza.

Dereva aliileta baada ya siku tatu. Hakupiga miayo.

"Ipo nyingine ambayo anarudi?"

"Anarudi nani?"

"Mke. Ila asimuue mumewe. Akae tu."

Shangazi akamwambia haipo. Dereva alipoondoka, fundi cherehani akamweleza kwa sauti ya chini: mke wa dereva alifariki akijifungua, ndani ya gari lile lile, mume mwenyewe ameshika usukani. Mtoto naye hakufika hospitali.

Shangazi alifunga duka mchana huo huo, akamfuata nyumbani kwake. Alikuta mlango uko wazi, umezuiwa na tofali. Dereva alikaa kwenye kigoda akiuelekea. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kimeganda utando, nzi wanatembea ukingoni.

Akainama kuliondoa tofali.

"Liache, Shangazi. Hana ufunguo."

"Mwanangu, zile ni filamu. Wale ni watu waliopakwa rangi."

"Najua. Nimebeba maiti miaka kumi na moja, sijaona hata mmoja aliyeinuka." Macho hayakutoka mlangoni. "Najua. Ila liache."

Akaliacha. Akaketi naye mpaka dada yake dereva alipofika, na hapo akasema mwenyewe, "Mimi ndiye niliyempa ile filamu." Yule dada alimtazama, kisha akaanza kukunja nguo za kaka yake. Akaondoka na kaka yake wiki ile. Dereva hakushika usukani tena. Ilisemekana anashinda kibarazani kwa dada yake, halali mpaka abembelezwe.

Julai wateja walikuja kama kawaida, na baadhi waliitaka ile ya mwezi uliopita, sifa zake zimeenea. Shangazi aliwaambia imekwaruzika. Ilikuwa nzima, kwenye droo, chini ya mkono wake.