Niliomba kufungwa kizazi, wakauliza kila mtu isipokuwa mimi

Assalam aleikum wakuu, na wa salamu nyingine hamjambo. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, yenyewe yanayo ya kutosha.

Mimi ni mama wa Ukunda, nashona nguo. Uzazi wa nne nilitokwa damu hadi nikazimia. Mimba ya tano nikasema basi. Kila clinic nilimwambia nesi, nikishajifungua nifungeni kizazi.

"Sawa mama," naye aandika kitabuni.

Nikajifungua salama, alhamdulillahi. Nikamuuliza nesi, na ile operesheni?

"Mumeo yuko wapi aje atie saini?"

Mume wangu Juma ni mwashi, alikuwa kazini Majoreni. Akaja mbio na boda, suruali yote saruji, akatia saini. Baadaye ndipo nikajua sheria haidai saini yake hata kidogo.

Akaja daktari. Akamtazama Juma, si mimi.

"Mzee, huyu ana miaka thelathini tu. Na watoto wote wasichana. Hutataka kijana?"

Juma akamjibu, "Daktari, mwenye tumbo ni huyu hapa."

Daktari akacheka. Akaandika: arudi baada ya wiki sita.

Nikarudi. Daktari yuko semina. Semina ya nini? Ya uzazi wa mpango! Wallahi.

Mara ya pili, thieta, chumba cha upasuaji, ina hitilafu. Mara ya tatu wakanipima mimba kwanza, ndiyo kanuni.

Ninayo.

Nilikaa pale kwenye benchi nikacheka, kisha nikalia. Nilidhani safari hii nitakufa, niwaache watano.

Ya sita nilijifungulia hospitali nyingine. Damu ikanitoka tena, nikaongezwa chupa mbili. Nilipopata nafuu, daktari wa pale, mwanamke, akavuta kiti.

"Dada, wataka kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Wajua ukishafungwa ndiyo basi?"

"Ndicho nitakacho."

Asubuhi yake ikafanywa. Maswali mawili tu, wakuu. Miezi yote ile!

Funzo: dada zangu, dai fomu mapema, tia saini yako, na mhudumu akikuuliza mumeo yuko wapi, muulize yeye wake yuko wapi.

Nawe uliyepitia haya, leta kisa chako hapa. Na wale wa "watoto ni riziki" karibuni pia, mje nyumbani kabisa. Riziki ya sita yalia, nami nina sufuria jikoni.