Bolti ya Nane

Wanaosema nina roho mbaya siwabishii. Waulize kwanza nani alinifundisha. Darasa la tatu sikumaliza, lakini hilo somo nililipata bure, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na mwalimu alikuwa karani.

Alikuwa kijana wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandika na moja ya kuringia. Mke wangu alikuwa amechuma tangu kupambazuke. Siku hiyo sikuwa na kazi ya kuchomelea, kwa hiyo nikambebea kikapu cha pili. Majani yake yalikuwa safi, majani mawili na kichipukizi, vile mama yake alimfundisha. Karani akamwaga kikapu chote. Hakumwaga mezani, alimwaga chini kwenye tope, akayapangua kwa ncha ya kiatu.

"Imekomaa hii, mama. Peleka nyumbani ulishe ng'ombe."

Watu wakacheka. Ukicheka na karani, majani yako yanapita. Kila mtu alijua hivyo. Mke wangu akapiga magoti akaanza kuokota, jani moja moja. Na mimi? Nilisimama nyuma yake na kikapu mgongoni, mwanaume mzima mwenye mikono ya kukunja chuma, nikanyamaza. Kesho tungeleta majani tena, na karani angekuwa ni yuleyule.

Njiani akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma yako."

"Najua," akasema. Hata baadaye hakulirudia. Angenitukana ningepona mapema.

Miaka ikaenda. Karani akaacha ukarani, akaingia biashara ya mbao, akanenepa. Mimi nikapanua banda langu la kuchomelea, nje kidogo ya Kapkatet, nikawa yule fundi ambaye watu wa Sigor na Ndanai wakivunjikiwa na kitu kizito wanaambiwa, peleka kwa yule mzee. Sijisifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Katikati ya miaka ya tisini, Ijumaa moja asubuhi, ikaingia landrova bila bampa, pua wazi kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno. Aliyeshuka ni yeye. Bampa aliyofungiwa mjini ilikuwa imeng'oka akivuta lori kwenye matope ya Ndanai. Alikuja na bomba nene la chuma, taa nne za ziada ndani ya katoni, na mfuko wa bolti.

"Boiyot, mzee wangu, habari yako. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye mkono."

"Nzuri. Umeambiwa ukweli."

Hakunijua. Angenijuaje? Anayetazama majani hamtazami anayebeba kikapu. Akanieleza shida yake. Kesho kulikuwa na harambee ya shule, mgeni mkubwa anatoka Kericho, na landrova yake ndiyo iliyochaguliwa kuongoza msafara. Barabara ile asubuhi ni ukungu mtupu. Asipokuwa na bampa na taa, nafasi hiyo inachukuliwa na mwenzake wa mbao, yule wanayeshindana kila kitu, mpaka viti vya mbele kanisani.

"Taa zote nne weka juu ya bomba," akasema. "Zionekane."

"Unataka zionekane, ama unataka kuona?"

Nikamweleza. Ukungu wetu haupigwi na taa ya juu. Ukiupiga unakurudishia mwanga wote machoni, unaendesha kama mtu aliyefunikwa shuka. Na taa nne zikisimama mbele ya redieta zinaziba upepo, injini inachemka kabla hujamaliza mlima. Za manjano mbili zikae chini, zimulike kando ya barabara. Nyeupe mbili zikae pembeni, za siku kavu. Akanung'unika kidogo, akakubali.

Nikalikata bomba, nikalikunja, nikalichomelea kwenye mabamba mawili ya kushika chasi. Kila bamba matundu manne, jumla manane. Nyaya za taa nikazipitisha mbali na moto wa injini, nikaweka fyuzi yake, na rilei, kile kijisanduku kinachobeba umeme mkubwa ili swichi isiungue.

Sitaficha: wazo la kuharibu lilinijia. Waya mmoja tu niulegeze, taa zimfie mbele ya mgeni wake. Nikalikataa, na si kwa wema. Kazi ikiharibika watu hawaulizi karani alimfanyia nani nini. Wanauliza fundi ni nani.

Ikabaki kufunga bampa. Wakati huo banda lilikuwa na watu, mmoja amekuja kwa geti lake, mwingine kwa toroli, wengine kwa porojo. Nikauchukua mfuko wa bolti, nikaumwaga wote chini, pale tope na oili vimechanganyika, nikazipangua kwa ncha ya kiatu.

"Zimekomaa hizi."

"Nini?"

"Zimekomaa. Okota moja moja, uniletee nichague."

"Mzee, hizo ni mpya! Nimenunua juzi."

"Karani," nikamwambia, "leo mimi ndiye karani."

Hapo akaniangalia. Mara ya kwanza, nadhani, tangu azaliwe, aliniangalia uso. Nikaona anarudi nyuma polepole, mwaka baada ya mwaka, akitafuta.

"Okota, bwana, mvua inakuja!" akapiga kelele yule wa toroli, na watu wakaangua kicheko.

Akaitazama landrova. Akatazama mawingu. Harambee ilikuwa kesho. Akakunja suruali yake ya kitambaa, akapiga magoti.

Alikuwa ananiletea moja moja kiganjani. "Hii?" "Ifute kwanza." "Na hii?" "Uzi wake siuoni vizuri, rudisha." Zilikuwa bolti nzuri zote, na alijua, na alijua kwamba najua. Saba zikapita. Nilikuwa nimeishika ya nane mke wangu alipofika na thamosi ya chai, kama kila siku.

Akasimama. Akamwona mtu aliye magotini. Akaweka thamosi chini, akaninyooshea mkono, nikampa bolti. Akaigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua jani.

"Imekomaa," akasema, akairusha kwenye nyasi. "Hiyo ni ya ng'ombe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Karani akainuka nusu. "Mama, kama ni ile siku ya—"

"Chai itapoa," mke wangu akaniambia mimi, akampa mgongo.

Nikafunga saba. Saba zilitosha, ungeweza kuning'iniza fahali kwenye bampa ile. Nikawasha taa, za manjano zikamwagika chini juu ya nyasi, hakuna hata moja iliyopepesa. Akasema asante kwa sauti ndogo, akaondoka. Mchungaji hutuhubiria tusamehe saba mara sabini. Mimi sikufika hata moja, na usiku huo nililala vizuri.

Gari lilipopotea kwenye kona ya mashamba ya chai, mke wangu akaingia kwenye nyasi, akatafuta kwa mguu, akaiokota ile bolti. Akaifuta kwa leso, akaniwekea mkononi.

"Hii ni nzuri kabisa," akasema.

"Najua."

Kesho yake karani aliongoza msafara, na walioenda walisema taa zile ziliupasua ukungu vizuri sana. Landrova ile ilipita mbele ya banda langu miaka mingi, na kila mara nilitazama upande wa kushoto wa bampa kabla ya kutazama taa. Tundu la nane lilikuwa wazi. Bolti ya namna ile inauzwa kila duka la vyuma, lakini hakulijaza. Yake ninayo kwenye mkebe wa misumari. Hajaiomba, na simpi.