Paa Jipya la Mama, Kilolo

Upepo uliong'oa paa la mama ulikuja mchana, mvua za kwanza zilipoanza, naye alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Alinipigia simu Mbeya, ninakofanya kazi ya kuchora na kusimamia majengo, akaniambia mabati yake yako kwenye viazi vya jirani na yeye ni mzima. Kisha akaanza kucheka, kwa sababu kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vilevile, ila kimeloa chapachapa.

Nilipofika Kilolo nilikuta anataka paa lilelile, lenye baraza pana mbele. Nikamweleza kwamba baraza ndilo lililomponza: upepo uliingia chini yake ukasukuma juu, na kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, zilishikwa kwa misumari tu. Mimi nilitaka paa linaloteremka pande zote nne, lisilotokeza sana nje ya ukuta, kenchi zifungwe kwa nondo zinazotoka ndani ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta.

"Na wageni nitawakalisha wapi?" aliuliza.

Nikasema sebuleni. Aliniangalia kana kwamba si yeye aliyenizaa.

Tulibishana siku nzima, yeye akimenya viazi, mimi nikichora. Mwishowe nikampa baraza lenye paa lake peke yake, lisiloshikana na la nyumba. Likiondoka, liondoke lenyewe. Fundi alipomaliza kufunga kenchi, mama alipanda ngazi, akashika moja kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zote, mimi nimemshika kiuno. Haikutikisika. Akashuka ameridhika.

Dhoruba ilitukuta Krismasi, tumemaliza kula: mama, mdogo wake na mimi. Paa lilivuma, nami nikasimama, maana hesabu za karatasi ni kitu kimoja, upepo wenyewe ni kitu kingine. Mara kishindo mbele ya nyumba. Nikatazama juu. Dari haikuwa imesogea.

Upepo ulipotulia, mama alifungua mlango. Baraza lilikuwa halina paa.

"Limeondoka lenyewe," alisema, "kama ulivyosema."

Mama mdogo akasema naye anataka nyumba ya namna hiyo, ila bila baraza. Mama akamkatalia kabisa hilo la kukosa baraza. Jua liliporudi tulitoa viti, tukakaa hapohapo wazi, na majirani waliokuja kutupa pole wakapewa chai. Mama akawaeleza habari za lenta na nondo kana kwamba yeye ndiye aliyechora.