Mbunge anayetukwepa anakuja kumposea mpwa wake binti yangu

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Sema tu ni upande wa Minago, maana huku kila mtu anamjua mwenzake. Nina miaka arobaini na saba, ni mjane, mama wa watoto wanne. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa tayari mama mzima, na tangu hapo kazi yangu ni kuanika na kuuza ndagala, yaani dagaa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosa adabu mahali mnisamehe.

Wanaokaa kando ya ziwa wanajua maji yalivyopanda. Tanganyika imekula mchanga wote wa mwaloni tulipokuwa tunaanika. Sasa tunaanika pembeni mwa barabara, magari yanatumwagia vumbi, mbuzi wanajilia, na mvua ikija ghafla mali yote inaoza. Upande wa juu wa barabara kulikuwa na uwanja wa umma. Wakati wa kampeni mbunge wetu alisimama pale kwa miguu yake miwili akasema, "Bamama, hapa njo mutaanikia ndagala zenu." Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Nilimwimbia mpaka sauti ikakauka. Akachaguliwa, na haukupita muda uwanja ukazungushiwa ukuta wa matofali, geti la chuma, na kufuli.

Swali letu ni moja tu: uwanja ule kapewa nani? Nilimuuliza mkutanoni, akanishukuru, "Murakoze kwa swali nzuri," kisha akampa mtu mwingine kipaza sauti. Simu yake tunapiga, inaita mpaka inakatika. Tulifunga safari wanawake kadhaa hadi Rumonge mjini, kwenye ofisi anapopokea watu. Mlinzi akatuambia hayupo, na huku gari lake limesimama uani, dereva ndani anatafuna karanga. Mara nyingine tulimkuta msibani. Alipotuona tunamsogelea akafumba macho akaanza kusali, na hakuyafumbua mpaka tukachoka tukaondoka. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Sasa sikieni. Binti yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, amepata mchumba. Kijana mpole, anafanya kazi kwenye kinu cha mawese, sina neno naye. Nilifurahi sana mpaka nilipouliza ukoo. Ni mtoto wa dada yake mbunge! Na siku ya posa atakayesema kwa niaba ya upande wao ni mjomba. Yaani yeye mwenyewe.

Kwa msioijua desturi yetu, siku hiyo kijana hasemi na wazazi hawasemi. Kila upande una muvugizi, yaani msemaji. Wa upande wa binti anauliza chochote anachotaka: mmetoka wapi, mmefuata nini, ninyi ni watu wa namna gani. Wa upande wa kijana lazima ajibu kila swali, amesimama, mbele ya watu wote. Asipojibu, mke hapewi. Pale hakuna mlinzi wa kumsemea kwamba hayupo. Msemaji wetu ni kaka yangu, na mdomo wake watu wa Minago wanaujua. Wanawake wa mwaloni walipopata habari walipiga vigelegele. Mmoja akasema, "Mungu amemuleta mwenyewe!" Nami nikamwambia kaka aliingize swali la uwanja.

Maneno yakamfikia mbunge. Wiki iliyopita gari likasimama mlangoni kwangu, akaingia peke yake, nikampa chai.

"Amahoro, bamwana," akasema. Ndivyo wazazi wa pande mbili za ndoa wanavyoitana kwetu.

"Amahoro, Honorabule. Leo umepajua kwangu?"

Akacheka kidogo. "Bamwana, iko maneno moja inanisumbua. Ile ya kiwanja isiingie mu sherehe. Ile siku tutakuwa familia."

"Basi nijibu hapa, tuko wawili tu. Kapewa nani?"

Akaangalia kikombe. "Ile iko ngumu. Lakini wewe, nitakutafutia pahali pa kuanikia. Wewe peke yako. Usiambie benzako."

Kumbe swali alilisikia siku zote! Alilisikia mkutanoni, alilijua hata pale msibani alipofumba macho. Nilisimama nikamfungulia mlango, na chai yake ikabaki mezani.

Nilipogeuka nikamwona binti yangu amesimama jikoni, machozi yanamtoka. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, yeye hatajibu, unamujua. Atatoka, bantu yake batamufuata, na mimi nitabaki. Hii ni posa yangu ao ni mukutano?"

Nilijifanya natafuta ufagio. Mimi ninayemtukana mtu kwa kutojibu, mwanangu kaniuliza swali na mpaka leo sijamjibu. Hilo linaniuma kuliko hata ule ukuta.

Posa ni wiki ijayo. Wenzangu wa mwaloni wameshachagua kitenge na wamesema watakaa mbele. Kaka anasubiri neno langu. Nikinyamaza, kesho nitakaa vipi na wale wanawake barabarani, nikijua niliahidiwa mahali pangu peke yangu? Nikiuliza, huenda nikamvunjia mwanangu ndoa kwa sababu ya mjomba wa watu, na kijana hana kosa.

Wenye mabinti, nawaomba ushauri. Kaka aulize, au nimwambie afunge mdomo? Nijibuni hata kama ni kwa kunitukana. Watu wa kuangalia kikombe nimeshawachoka.