Chungu cha Masizi Mguuni

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Same: mimi ndiye yule msomi aliyetembea sokoni amevaa chungu mguuni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yakajaa ndoo za plastiki, na shangazi yangu Nakijwa, aliyesomesha nusu ya ukoo kwa kufinyanga, akawa anapanda mlima na mzigo uleule alioshuka nao. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa mhadhara kuhusu masizi yanavyoimarisha mpira wa tairi (chembe ndogo hata macho hayazioni), nikajiuliza, mbona tusiyatie kwenye udongo? Kwetu mwanamume hagusi udongo wa vyungu. “Kimoja tu, shangazi,” nikambembeleza. Akatazama rundo lisilouzika, akanipisha. Nikakwangua masizi ya jikoni, nikakanda, yeye akajenga chungu kwa pete za udongo, pete juu ya pete, akachoma.

Kilitoka cheusi, kinang’aa. Ningekiuza tu kimya kimya, lakini pale sokoni muuza ndoo akanichokoza: “Msomi, ndoo yangu inakaliwa, hicho chako kinatazamwa tu!” Nikakipindua mdomo chini, nikapanda juu, na (mtaniamini?) kikanibeba, watu wakapiga makofi, nami nikaanza kuhutubia, nikainua mguu mmoja kwa madaha, kraa! Mwingine ukatoboa kitako hadi gotini, chungu kikaning’ang’ania, nikaenda nikichechemea hadi kwa shangazi, soko zima nyuma yangu.

“Nani alikanda huu udongo?” mama mmoja akauliza.

Shangazi hakujua kudanganya. “Huyu.”

Wanawake waliokwisha chagua vyungu wakavirudisha chini kimoja kimoja. Nikaeleza kwamba masizi yaliungua motoni yakaacha vitundu. “Masizi gani! Mwanamume kagusa!” wakanijia juu. Shangazi akaokota jiwe, akanivunjia chungu mguuni huku akicheka mpaka machozi, na nilijua si yote yalikuwa ya kicheko. Tukapanda na mzigo wote, safari hii nimebeba mimi.

Leo maabarani wanafunzi wangu wanachapa vifaa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, wakichanganya unga wa nano, wa chembe zisizoonekana kwa macho, na vinakuwa imara kweli, nami kila mara naona mikono ya shangazi ikizungusha pete zake. “Mwalimu, njoo ukikanyage!” wananiita. Nasimama mbali, mikono mfukoni. Wanadhani ni kanuni ya usalama.