Kadi ya Mama Yake Karani

Zahanati ya halmashauri ilikuwa na madirisha mawili: la kushoto la wenyeji, la kulia la waliokimbia vita. Kulia wafadhili walileta dawa. Kushoto halmashauri ilileta ahadi, na ahadi haishushi sukari mwilini. Karani aliyetoa kadi za kulia walimpachika jina la Bila Kadi, maana kutwa neno lake lilikuwa hilo: bila kadi, sogea. Wenyeji waliojitia ukimbizi aliwang'amua kwa lafudhi tu, akawaumbua mbele za watu. Muuza ndoo wa sokoni alimlilia kwa ajili ya mumewe, akaambulia patupu. Sheria hairuhusu, alisema Bila Kadi, na usingizi wala haukumpaa.

Kisha sukari ikampata mama yake mzazi.

Dukani bei haikamatiki, na kushoto hakukuwa na hata kidonge. Basi Bila Kadi akafunga mlango, akajaza kadi kwa mkono wake mwenyewe: ametoka ng'ambo ya mpaka, hana jamaa. La jamaa aliliandika kwa kuwa wasio na ndugu hawakusumbuliwa na uhakiki.

"Mimi sina jamaa, mwanangu?" mama akauliza.

"Ni karatasi tu, mama. Wewe udungwe sindano upone."

Miezi minne bibi wa watu akanawiri. Wa tano akazimia asubuhi, wakamkimbiza hospitali kubwa, na adhuhuri haikumkuta.

Mtunza chumba cha maiti, mzee mpole, akaisoma kadi. "Huyu hana jamaa, dada. Atazikwa na halmashauri kule kambini kwa wakimbizi. Wewe ni nani wake?"

Hapo hata aliyenyimwa dawa angemwonea huruma. Kusema ni kujichongea, na kunyamaza ni kumtupa mama. Akasema. "Ni mama yangu. Kadi niliiandika mimi."

Kesho yake mkurugenzi wa halmashauri akamsimamisha kazi na kumnyang'anya muhuri. Hakubisha.

"Nimekosa, mheshimiwa. Nipe tu maiti ya mama nikamzike kando ya baba."

"Siwezi. Kadi husahihishwa na karani wa dirisha, kwa muhuri wake."

"Karani si ndiye mimi?"

"Ulikuwa."

"Basi weka mwingine."

Mkurugenzi akapangusa miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Mpaka wizara iidhinishe. Miezi miwili, mitatu. Na chumba cha maiti kimejaa."

Siku tatu alizungushwa ofisi hadi ofisi. Kulia foleni ya wakimbizi ikarefuka, hakuna wa kuwaandika. Kushoto wenyeji wakangoja kama kawaida yao. Muuza ndoo, sasa mjane, akamkuta amekaa kwenye ngazi za halmashauri, akampa maji ya kunywa, akaenda zake. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Siku ya nne gari la halmashauri likamchukua marehemu pamoja na wengine watatu wasio na jamaa. Bila Kadi alifika wameshafukia, akaonyeshwa kibao chenye namba. Akarudi nyumbani, alikomkuta kaka yake na waombolezaji. Kaka alikuwa amechimba kaburi kando ya baba tangu juzi.

"Mama yuko wapi?"

Akamwambia. Kaka hakumgombeza. Alichukua sepetu, akaanza kulifukia lile kaburi tupu, na dada mtu akapiga magoti, akamsaidia kwa mikono.