Vitambaa Vyekundu vya Dampa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja iliyonuka rangi mbichi kule Muthangari, katika bweni jipya la wasichana waliosomea uuguzi. Walikuwa wahamie kesho yake. Mimi nilikuwa kijana wa Pwani niliyepanga chumba Kabiria, nimepewa kuwasimamia mafundi wa dakti kwa mara ya kwanza, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli.

Dakti unazijua, yale mabomba ya bati yanayopitisha hewa juu ya dari. Kila mahali dakti inapotoboa ukuta, ndani ya ukuta wenyewe, tunakaza dampa ya moto. Ni fremu ya chuma yenye pazia la mabati lililokunjwa juu, likishikwa na kiungo kidogo kinachoyeyuka kwa joto. Moto ukizuka, kiungo kinayeyuka, pazia linaanguka, na moshi unakosa njia ya kuingia chumba cha pili. Moto humchoma aliye karibu, mwanangu, lakini moshi humfuata hata aliyelala mbali.

Sasa, wakati wa ujenzi dampa ni sumbufu. Waashi wakigonga ukuta, pazia linaanguka ovyo na kujaa plasta. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Tulilifunga pazia kwa waya lisianguke, na kwenye kila waya tukaning'iniza kitambaa chekundu kirefu, kikashuka mpaka chini ya usawa wa dari, ili fundi wa dari asiweze kufunga bila kukiona. Kitambaa hakiondolewi mpaka waya ufunguliwe. Alitufundisha hivyo Mzee Makokha, Mluhya mmoja mcha Mungu aliyenipokea mjini nikiwa sijui hata kushika mkasi wa bati. Wakati huo alikuwa ameshastaafu, anaishi Uthiru na magoti yake mabovu.

Asubuhi hiyo niliingia kwenye ushoroba wa bweni nikatazama juu. Dari ilikuwa nyeupe pe, imezibwa yote, na kitambaa hakuna hata kimoja. Nikamwendea mkubwa wa mafundi wa dari.

"Ile matambara? Tulikata zote juzi," akasema. "Zilikuwa zinaharibu rangi, buda."

"Na waya?"

"Waya gani?"

Nyaya nyingine nilizifungua kwa mkono wangu. Nyingine niliwaagiza vijana wangu, nao wakaniambia wamezifungua zote. Lakini sikuwa nimepanda kuangalia, na vile vitambaa vilivyokuwa vituonyeshe vilikuwa kwenye pipa la taka. Ikiwa hata waya mmoja umebaki juu ya vyumba vile, dampa ile ni pambo tu. Nikaenda Uthiru.

Mzee Makokha nilimkuta mlangoni akipiga viatu brashi, maana kesho ilikuwa Jumapili. Nilimweleza yote, nikamalizia, "Lakini nadhani ziko sawa, Mzee."

Hakuinua macho. "Unadhani ama unajua?"

"Karibu najua."

"Swaleh, hakuna kitu inaitwa karibu. Hao wasichana watalalia hiyo nadhani yako?" Akaweka kiatu chini. "Mimi nilikufunza kazi, sikukufunza kubahatisha. Toka hapa, rudi saiti."

Nilikuwa nimetarajia angalau chai. Jungu kuu halikosi ukoko, wanasema, lakini siku nyingine ukoko wenyewe unaunguza ulimi.

Mkandarasi aliyetupa kazi ile aliponiona naingia na msumeno, uso ulimbadilika. Yeye ndiye aliyekataa tangu mwanzo tusiweke vidirisha vya ukaguzi darini, eti dari iwe safi. "Wewe uko sawa kweli?" akafoka. "Rangi imekauka jana! Ukitoboa hiyo siling, ile jengo ya tao usahau. Kuna watu wengi wanaitaka."

Jengo hilo la mjini, mwanangu, lilikuwa ghorofa refu. Nilikuwa nimeshaahidiwa kazi yake, na mama yangu kule Pwani alikuwa ameshajigamba nalo kwa majirani wote. Nililitaka sana.

"Basi mpe mwingine, bosi," nikasema. "Hapa hakuna atakayelala kabla sijaziona dampa zote."

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilipoishika ngazi, niliwaza nitamwambia nini mama yangu. Lakini nilipanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chetu sisi kiko darini, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuogopa ngazi. Vijana wangu walitazamana, kisha nao wakachukua misumeno. Tulikata chini ya kila dampa, tukaingiza mkono kutafuta waya, tukafungua kiungo, tukaliacha pazia lianguke mpaka chini, tukalipandisha tena. Vumbi jeupe lilitujaa mpaka kwenye kope, na mkandarasi hakunyamaza hata kidogo.

Na unajua tulikuta nini? Hatukukuta kitu. Hapakuwa na waya hata mmoja. Vijana walikuwa wamefungua zote kama walivyosema, na kila pazia lilianguka sawasawa.

Mkandarasi alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Profesa wa waya!" akaniita mbele ya watu. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuziba na kupaka upya, alikubali kwa kinyongo tuvitie vifuniko vile vitundu, viwe vidirisha vya ukaguzi. Tulipomaliza, akanifukuza.

Jumapili mchana nilirudi Uthiru nimefura kwa hasira. "Mzee, umenikosesha kazi bure! Hapakuwa na kitu."

"Jana ulikuwa unadhani," akasema. "Na leo?"

"Leo najua."

"Sasa kwani ulikuwa umepanda kutafuta nini ingine?" Akamwita mkewe alete chai.

Ungependa nikwambie kwamba baadaye moto ulizuka, wasichana wakaokoka, nami nikasifiwa. Haukuzuka. Walihamia, wakasoma, wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina langu. Lile jengo la mjini alipewa mwingine, na ilinichukua muda mrefu kuaminiwa tena na wakandarasi. Iliniuma, na bado huniuma nikipita chini yake. Ila ningerudishwa Muthangari leo, ningeikata dari ileile.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kusimamia watu wako. Dampa ikae ndani ya ukuta, si kando yake, na nafasi inayoizunguka izibwe sawasawa. Usikubali dari ifungwe bila kidirisha, hata wakikuambia kinaharibu sura. Mtu wako akisema ameshafungua waya, mwamini, kisha upande uone; kumwamini si kumwachia mzigo wako. Na ukikuta kila kitu kiko sawa, usione haya kwamba ulipanda bure. Watakucheka, waache wacheke. Kicheko hakimuui aliyelala.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu aushike mguu wako juu ya ngazi, akupe moyo usiotishika na mkono usiolipua kazi, na watu usiowajua wala wasiokujua waamke salama kila asubuhi chini ya dari ulizozipitia. Amina.